Mlango wa Nakijwa Katika Ziwa la Rangini

Alikuwako mtu mmoja aitwaye Mrutu, na kama haya hayakutokea, basi wenye nchi wameponea chupuchupu, maana yaliwastahili. Mrutu huyu aliingia nchi ya Rangini asubuhi, amebeba mlango mgongoni.

Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, wenye bawaba tatu na tundu la kitasa ambacho hakikuwahi kununuliwa. Mkewe, Nakijwa, aliununua kwa seremala wa kwao milimani kabla hawajawa na nyumba ya kuutia. Alisema wao wataanza na mlango, kuta zitakuja zenyewe zikiona aibu. Kuta zikaja kweli, zikafika usawa wa madirisha, ndipo mtu wa serikali akapita na kopo la rangi, akachora X nyekundu ukutani, akasema hapo ni hifadhi ya barabara. Barabara yenyewe haijapita mpaka leo. Nakijwa hakumaliza mwaka. Madaktari waliutaja ugonjwa kwa jina lao. Mrutu anauita kwa jina lake, na ugonjwa anaoujua yeye una cheo, una kiti cha kuzunguka na gari la bure. Maneno ya mwisho ya mkewe yalikuwa kwamba asiuuze mlango, autafutie mahali usimame.

Akauza shamba la tangawizi. Dalali alimhakikishia kwamba Rangini sheria zote za ardhi zimeandikwa, hazipindi kwa kuangalia sura ya mtu, na mgeni mwenye mtaji anapokewa kwa mikono miwili. Mrutu akanunua kiwanja bila kukiona. Mpango wake ulikuwa akikate viwili: upande mmoja ajenge vyumba vya kupangisha vimlishe uzeeni, upande wa pili nyumba ndogo ya kuutia mlango wa Nakijwa. Aliuliza bei, akauliza maji, akauliza kama gari linafika mpaka pale. Hakuuliza rangi.

Kiwanja alikikuta ni udongo mkavu uliopasukapasuka, una michongoma upande mmoja na mawe manne ya mpaka. Akautua mlango, akataka kukaa juu ya jiwe apumzike. Kabla hajakaa akatokea karani mwembamba, kitabu kikubwa kwapani, jina lake Fumbwe. Akatoa shikamoo ya adabu, kisha akauliza kama mzee ana nia ya kugawa. Mrutu akasema anayo.

Fumbwe akaandika. Akaeleza kwamba tangu neno lile litoke kinywani, kiwanja kimeshafika mezani, na ardhi iliyo mezani haikaliwi, hata na mwenyewe. Ardhi nyingine zote zina watu wake na matumizi yake. Kwa hiyo mwombaji hana pa kukaa kisheria mpaka jibu litoke.

"Sasa nikae wapi?" Mrutu akauliza.

"Hukai, mzee. Unatembea."

Akadhani ni utani. Akapelekwa Ofisi ya Kitambaa, akaona kwa macho yake. Kuizunguka ofisi ile kulikuwa na njia iliyochimbika kwa nyayo mpaka magotini, na ndani yake watu wanatembea, wote upande mmoja, mamia. Walikuwa wanakula wakitembea. Walikuwa wanalala wakitembea, mmoja ameshikwa kwapa na mwenzake, halafu wanabadilishana. Kinyozi alikuwa ananyoa huku anarudi nyuma kinyumenyume mbele ya mteja. Mrutu alipita kando ya bwana harusi na bibi harusi wake, na shehe anawafuata kwa mbio akitafuta pumzi. Akaubeba mlango wake, akaingia mfereji.

Aliyempokea ni mama mmoja mfupi, Mayasa, mwenye kanga iliyofifia na miguu migumu kama kwato. Mayasa alikuwa na mwaka wa tisa. Alikuwa ameomba kuhamisha jiko kutoka mbele kwenda nyuma.

"Mlango huo unaenda nao wapi, baba?" akamwuliza.

"Natafuta nyumba yake."

"Basi umekuja penyewe. Hapa tunazo nyumba nyingi, zote ziko kwenye karatasi."

Ni Mayasa aliyemfundisha nchi. Alisema pale hakuna cha ramani. Kuna Kitambaa, nguo kubwa ya marekani iliyotandikwa ukuta mzima wa ukumbi, imepakwa rangi, na kila rangi na kazi yake. Manjano ni kulala. Nyekundu ni kuuza. Kijani ni kulima. Kijivu ni kutengeneza vitu. Mtu akipika uji kwenye manjano amefanya kiwanda. Kuna bwana ambaye mstari wa manjano na nyekundu ulipita katikati ya kitanda chake. Mkewe analala upande halali, yeye anashitakiwa kila mwezi kwa kulala katika biashara, na alipoomba wabadilishane upande, ikaamuliwa hayo ni mauziano ya ardhi. Na ikiwa Kitambaa kinasema hivi na ardhi yenyewe inaonekana vile, sheria ni fupi: ardhi ndiyo iliyokosea.

"Na wewe umeyajuaje yote haya?"

Mayasa akamwonyesha dirisha. Kila siku Fumbwe husimama pale kusoma kitabu cha sheria kwa sauti, kwa kuwa sheria lazima isomwe hadharani. Lakini hadhara inatembea. Kila mtu husikia kipande kimoja akipita, na kingine akirudi baada ya mzunguko. Wengi wanazo nusu za sheria, wanabishana nazo mpaka wanarushiana makofi. Mayasa, kwa miaka tisa, alikuwa ameshasikia karibu kitabu kizima, ingawa bila mpangilio.

Mrutu akatembea. Mabega yakachubuka, yakapona, yakaota sugu. Alijifunza kutikisa mguu mmoja huku wa pili unakwenda. Akili ndiyo iliyokataa kujifunza. Kila alipopita dirishani aliwaona maofisa ndani wamekaa, chai mezani, na viti vingine havina mtu, vimewekewa mafaili kana kwamba mafaili ndiyo yenye makalio. Akasema moyoni kwamba Nakijwa naye alisimamishwa hivi, siku nzima, mbele ya meza ya ofisa ardhi aliyekuwa anakula karanga. Alisema na kwa mdomo pia. Walio mbele yake walizoea kumsikia akitukana mgongoni mwao.

Siku jina lake lilipoitwa, aliitiwa ng'ombe.

Kwani Rangini hawagawi kiwanja kwa futi. Sheria inasema kila kipande lazima kimtoshe Ng'ombe wa Serikali kujigeuza mzima bila kugusa mpaka. Zamani, Mayasa alisema, alikuwa ndama mzuri tu, na watu waligawa mpaka viwanja vya kujengea choo. Lakini kila mwombaji, ili ng'ombe ageuke kwa moyo mkunjufu, alimletea chochote: majani, pumba, mashudu, wengine molasi. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyekosa kuleta. Basi ng'ombe akanenepa, na kadiri anavyonenepa ndivyo kiwanja kidogo kabisa kinachokubalika kinavyokuwa kikubwa, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo watu wanavyozidi kumlisha.

Alikuja akisukumwa na wanaume wanne. Mrutu hajawahi kuona mnyama wa vile. Shingo imeshuka, mbavu zimepotea, macho mawili madogo yamezama kama ya mtu mwenye cheo. Hakuwa amemletea kitu. Fumbwe akamkumbusha kwa upole kwamba mashudu yanauzwa pale pale kona. Mrutu akasema alishamlisha wa kwao, na alikuwa wa miguu miwili.

Ng'ombe akaingizwa kipande cha kwanza. Akageuka, akihema, akapita. Kipande cha pili kilikuwa chembamba kidogo. Akageuza kichwa, akageuza tumbo, mfereji mzima ukatazama kutoka mbali huku ukitembea, na mkia ukaanza kuinuka kuelekea jiwe la mpaka. Mayasa alikuwa amepewa ruhusa ya kupita pale na debe la maji. Akaushika ule mkia kama anayefukuza nzi, akauelekeza ndani, akaenda zake.

Fumbwe aliona. Aliandika kuwa mkia haukugusa.

Kwa mara ya kwanza tangu ile X nyekundu Mrutu aliona kizingiti, aliona na mahali pa bawaba. Akauliza ni lini ataanza msingi. Fumbwe akasema ni hapo hapo, bado kitu kidogo tu, waende ukumbini watazame rangi.

Wakaenda. Fumbwe akapandisha fimbo juu ya Kitambaa, akatafuta, akatua. Kiwanja cha Mrutu kilikuwa buluu.

"Buluu ni nini?"

"Maji, mzee. Uko ziwani."

Kitambaa kizima hakikuwa na buluu nyingine. Hii moja ilikuwa ya mviringo, kingo zimechanuka kama kitu kilichodondoka, na chini yake kulikuwa na vitone viwili vidogo. Fumbwe alieleza kwamba hivyo ni visiwa. Ndani ya buluu, akasoma, mtu hajengi wala hagawi, anaruhusiwa kuelea katika chombo. Na mtu akikaa chini katika buluu anahesabika amezama, jina linafutwa, mali inarudi serikalini.

Mrutu akaomba kusikilizwa. Hiyo ni haki ya kila mtu, akapewa tarehe, na tarehe ilipofika alikuwa ameshamaliza viatu.

Baraza lilikaa chini ya Kitambaa, wajumbe saba, na katikati Mkuu wa Kitambaa mwenyewe, mzee mnene mpole wa sauti, ambaye ndiye aliyekichora tangu ujana wake. Mrutu alitakiwa kutembea mbele yao kutoka ukuta hadi ukuta wakati anajieleza. Akajieleza. Akasema amelikanyaga ziwa hilo kwa miguu hii, na ni vumbi. Mjumbe wa kwanza akauliza kama ana kibali cha kutembea juu ya maji. Wa pili akasema ukavu wa ziwa si hoja, kuna viongozi wengi wa elimu ambao elimu haionekani na bado ni viongozi. Wenzake wakamkanyaga mguu. Wa tatu akataka kujua ikiwa ziwa lina samaki, na kama hawapo, ni nani aliyewamaliza. Wakalibishania hilo kwa muda mrefu. Ilitolewa hoja kwamba mwombaji atozwe faini kwa samaki walioisha.

Mrutu alikuwa hasikilizi tena. Kila alipogeuka ukutani na kurudi, alikuwa anaangalia shati la Mkuu wa Kitambaa. Mfukoni, palipochomekwa kalamu, palikuwa na doa la buluu. La mviringo, kingo zimechanuka, chini yake vitone viwili.

Akaacha kutembea. Ukumbi ukashituka, kwa kuwa ni kosa.

"Mheshimiwa," akasema, "hilo si ziwa. Kalamu yako ilivuja."

Ilionekana wazi kwamba kila mtu mle ndani alijua, na amejua kwa miaka, na ameshalea watoto huku anajua. Mkuu wa Kitambaa alishusha macho kwenye mfuko wake, akautazama kwa muda. Kisha akamwambia Fumbwe aandike kwamba mwombaji mwenyewe amethibitisha linakotoka ziwa. Mfuko wa Mkuu ni chanzo cha maji.

Na vyanzo vya maji Rangini vinalindwa sana. Haruhusiwi mtu kusimama ndani ya hatua sitini. Wajumbe wakakusanya makaratasi yao, wakarudi nyuma wakihesabu hatua, wengine wakatokea nje ya mlango, na hukumu ikasomwa kwa kupigiana kelele kutoka uani. Ombi la kugawa limekataliwa. Mwombaji aende kwenye mali yake, na akae humo kwa mujibu wa rangi yake.

Mrutu akaubeba mlango, akaenda. Mayasa alimsindikiza mpaka ukingo wa mfereji.

"Usikae chini, baba," akamwambia. "Wanakusubiri ukae chini."

Alikuwa sahihi. Nje ya mawe ya mpaka alisimama Fumbwe, kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa waliozama. Mrutu alisimama katikati ya kiwanja chake, jua utosini. Miguu ilitaka kwenda na ilitaka kukunjika, yote mawili kwa pamoja. Alimfikiria Nakijwa. Alifikiria kwamba wenye nchi wa kwao walimwua kwa rangi nyekundu, na hawa watamwua yeye kwa buluu, na pengine mahali fulani kuna mwenzao mmoja anayekusanya rangi. Akapiga kelele akiuliza chombo ni nini.

Fumbwe akageuza kurasa. "Chombo ni kitu cha mbao kinachomchukua mtu asiguse maji."

Mrutu akashusha mgongo, akaulaza mlango chali juu ya mavumbi, akapanda, akakaa.

Karani alizunguka kiwanja mara tatu. Aligonga mbao. Alipima kama makalio yanagusa chini, hayagusi. Mwisho, kwa kuwa ni mtu wa sheria na hana baya, akachota chokaa akaandika namba ubavuni mwa mlango na kusajili chombo, akamtakia mzee safari njema. Mrutu alikuwa ameshalala.

Habari ilizunguka mfereji kwa mzunguko mmoja. Siku ya pili watu walianza kuja. Mtu wa kitanda alikuja na kitanda, akakiweka ziwani, yeye na mkewe wakalala upande wowote waliotaka. Bwana harusi alikuja na meza. Wengine walileta makabati, mabenchi ya shule, mzinga wa nyuki uliochongwa gogo zima. Juu ya vyombo hakuna rangi, hivyo walipika, walishona, waliuza sigara mojamoja, na kila mmoja aliacha nafasi ya kupita kwa jirani bila kuambiwa na ng'ombe yeyote. Mrutu hakuwatoza kitu. Alisema alitaka wapangaji, na hawa ni wapangaji kasoro vyumba.

Ofisini, njia ikaanza kuota majani. Kwa ng'ombe hakuna aliyepeleka mashudu. Mkuu wa Kitambaa alitazama dirishani akaona mahali palipochangamka, na akakumbuka kwamba shemeji yake alikuwa anatafuta eneo. Akaagiza ndimu na chumvi. Akalisugua doa kwenye Kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, likatoka lote na visiwa vyake, akapaka manjano. Amri ikasomwa siku hiyo hiyo: ziwa limekauka, vyombo vyote viondoke, ardhi iliyopatikana ni ya serikali na imeshapata mwekezaji.

Fumbwe alikuja na watu wa kubeba. Watu wakaanza kunyanyuka na fanicha zao. Walikuwa wamezoea kwenda. Mrutu hakunyanyuka. Na katikati ya vurugu ile, Mayasa, aliyekuwa amekaa kwenye beseni la mbao akimenya viazi, alisema kwa sauti ileile ya Fumbwe akisoma dirishani, maneno aliyoyasikia akipita mwaka wake wa nne:

"Chombo kilichokwama hakiguswi wala hakisogezwi, mpaka maji yaliyokileta yarudi."

Fumbwe akasimama. Akafungua kitabu. Akasoma, midomo inacheza. Akawatazama wabebaji, akautazama mlango, akaitazama anga isiyo na wingu.

"Ni kweli," akasema. "Mmekwama."

Wakabaki. Mkuu wa Kitambaa bado anasubiri maji yarudi, na inasemekana amebadilisha kalamu mara kadhaa akijaribu. Shemeji yake anatembea mferejini.

Lakini kila kitu Rangini kina upande wake wa pili, na Fumbwe aliueleza kwa huruma kabla hajaondoka. Mlango uliolala ni chombo. Siku utakaposimama utakuwa mlango, na mlango ni ujenzi, na ujenzi una ombi lake, na mwombaji hana pa kukaa. Mrutu akauliza hata kwa siku moja tu, auone umesimama. Fumbwe akatikisa kichwa.

Basi yuko pale. Ana mahali, hakuna wa kumtoa, na mlango wa Nakijwa haujasimama. Kila asubuhi anaupangusa vumbi, anatia mafuta kwenye bawaba tatu ambazo hazijawahi kugeuka. Akilala, miguu inaendelea kutembea, inasugua mbao, imeshachimba vijishimo viwili kwenye mninga. Anawatukana wakubwa wa nchi zote mbili, kwa zamu, asimwonee mmoja. Halafu anamwomba mkewe radhi.

Jioni moja Mayasa alitoka kwenye beseni lake na sahani ya viazi. Alifika ubavuni mwa mlango, akasita. Mtu na heshima yake hawezi kuingia kwa mtu hivihivi. Akainama, akagonga mbao mara tatu kwa vifundo vya vidole, karibu na tundu la kitasa.

"Hodi."

Tangu seremala alipoukabidhi, hakuna mtu aliyewahi kuugonga mlango ule. Mrutu akavuta miguu yake yote miwili, akaituliza, akasogea upande mmoja.

"Karibu ndani," akasema.